Mkwe Kwenye Lango la Kiwanda

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasungami, kabla hujayafikia mashamba ya mihogo, unakutana na ukuta mrefu wa matofali ya saruji, juu yake nyaya za miiba. Ndani ya ukuta huo kuna kiwanda cha shaba. Godefroid Kabange huingia humo kila asubuhi, na kila hatua anajua anakanyaga wapi. Pale penye mizani ya malori palikuwa na shimo la kupasulia mbao. Baba yake alisimama ndani ya shimo hilo miaka mingi, vumbi la mbao likimwingia machoni, akivuta msumeno kwa chini huku mwenzake akiuvuta kwa juu.

Wakati ule hapa palikuwa msitu. Wapasuaji walitafuta mulombwa kwa ajili ya milango na vitanda, na miti migumu mingine waliikatia nguzo za migodi na mataruma ya reli. Godefroid alizaliwa katika kambi yao, akasoma sekondari hadi karo iliposhindikana, kisha naye akashuka shimoni. Baadaye tajiri mmoja wa mbao akaleta mashine. Mashine ikala magogo kuliko watu wote wa kambi, na miti ikazidi kuwa mbali. Watu wa makala wakamalizia vilivyobaki, hadi visiki. Halafu viwanja vikapimwa, nyumba zikasimama, umeme ukaja, ukakatika, ukaja tena. Mashine ilipokosa cha kula iliuzwa kama vyuma chakavu, na walionunua uwanja hawakuwa na haja na mti hata mmoja. Wakajenga kiwanda.

Godefroid alipata kazi humo kwa maseremala wa kutengeneza paleti, zile fremu bapa za mbao ambazo shaba hupangwa juu yake kabla ya kupakiwa kwenye malori. Mbao zenyewe zilitoka mbali, nyeupe, laini, zimekwisha kupasuliwa. Mtu aliyezoea mulombwa akizigonga msumari huona haya, kama anayepigilia mkate. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kugonga, na kung'oa misumari ya paleti zilizovunjika.

Lakini nyumbani hakusema hivyo. Siku ile wazee wa upande wa Fils, mchumba wa binti yake Lydie, walipokuja kuzungumza mahari, mmoja aliuliza baba wa binti anafanya nini kiwandani. Godefroid alitazama viatu vya wageni vilivyopakwa rangi vizuri, akajibu: «Miye niko kapita wa maseremala.» Wazee wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, maana kapita ni msimamizi wa wenzake. Mkewe, Laurentine, akanyoosha mgongo. Tangu siku hiyo uongo ule ulihitaji kulishwa, naye akaulisha. Jioni alileta mikate na maharagwe, akisema makapita hufungiwa chakula cha kwenda nacho. Kumbe aliyakusanya mabaki kwenye meza za wakubwa kantini kabla hayajapelekwa kwa nguruwe, akayafunga ndani ya mfuko, na mfuko akaufunga tumboni chini ya shati. Kutoa kitu chochote kiwandani kulikatazwa.

Langoni, wakati wa kutoka, kila mfanyakazi hupekuliwa. Asani, mlinzi wa siku zote, alikuwa mtu wa haraka: anagusa mabega, anagusa mifuko, pita. Mfuko wa Godefroid haukuwahi kugundulika. Kisha jioni moja, kwenye lango, pembeni ya Asani, akaonekana mlinzi mpya mwenye kofia mpya. Alikuwa Fils, mkwe wake.

Heshima kati ya mkwe na wakwe watu wa kwao huiita buko, na kwa neno hilo hilo wakwe huitana. Kijana hampi baba mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja njiani, huacha njia. Kumgusa mwili ni vibaya, na kumwona akiwa uchi ni jambo ambalo watu hulisimulia kwa sauti ya chini. Na hapo langoni kijana huyo alikuwa amenyoosha mikono, anapapasa watu kuanzia kwapani hadi kwenye vifundo vya miguu.

Godefroid akatoka kwenye foleni, akarudi ndani kuelekea karakana.

«Mzee, unarudia tena? Uliacha bibi mu atelier?» mwenzake mmoja akamtania.

«Nilisahau randa yangu.»

Alingoja nyuma ya rundo la paleti mpaka Fils alipokwenda kuchukua maji, ndipo akapita kwa Asani. Kesho yake akafanya vilevile, na siku zilizofuata pia.

«Randa ile ile ya jana?» yule mwenzake akapaza sauti, na foleni nzima ikacheka. «Hiyo randa iko na miguu!»

Fils alikuwa amemwona tangu siku ya kwanza. Kila alipoona shati la baba mkwe linakaribia, alitafuta kisingizio: maji, choo, kamba ya kiatu. Wote wawili walikuwa wakitunza heshima, kila mmoja kwa upande wake, bila kusemezana. Ila mtu mwingine naye alikuwa akitazama. Donat, mkuu wa walinzi, aliona mfanyakazi anayesubiri mlinzi mmoja tu, na kwa hesabu zake mtu wa namna hiyo ana kitu mwilini.

Akamvuta kwenye chumba cha walinzi.

«Weye, kila siku unangojea Asani. Juu ya nini? Munagawana nini na Asani?»

«Hakuna kitu, chef. Asani hana mambo.»

«Tutaona.» Donat akafungua mlango, akaita: «Fils! Kuya hapa. Muvue huyu mzee, kila kitu.»

Fils aliingia, akamwona aliyesimama katikati ya chumba, akainamisha macho hadi chini.

«Chef, siwezi.»

«Hauwezi nini?»

«Huyu iko buko yangu. Ni baba ya bibi yangu.»

Donat akacheka. «Buko inabaki ku nyumba. Hapa tuko ku kazi. Anza na viatu.»

Fils akavua kofia, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya watu.

«Uniandike vile unataka, chef. Sitamugusa.»

Akageuka, uso ukiwa ukutani, akatoka kwa upande bila kutazama. Donat akalaani, akaandika jina la kijana, kisha akamgeukia mzee. Godefroid akavua shati mwenyewe. Mfuko ukaonekana. Donat, aliyekuwa akitarajia waya wa shaba, aliufungua kwa pupa. Vipande vya mkate vilivyoumwa. Maharagwe yaliyoshikana. Kichwa cha samaki.

«Ni hii tu?»

«Ni hii.»

Laiti angecheka. Donat hakucheka. Aliufunga mfuko kwa fundo zuri, akamrudishia.

«Vaa, mzee. Pita.»

Juma hilo Lydie alirudi nyumbani kutoka kwa kina Fils macho yamevimba. Fils amesimamishwa kazi kwa kukataa amri, na hataki kusema ni amri gani. Laurentine akapandisha sauti: kijana gani huyo, harusi ya kanisani iko mlangoni, yeye anachezea kazi? Godefroid aliendelea kula polepole.

Jumapili, baada ya misa, shangazi wa Fils, Mama Chileshe, aliingia uani na kuku mweupe aliyefungwa miguu. Godefroid alimwona kupitia dirishani, akabaki chumbani, nyuma ya pazia. Alijua maana ya kuku. Mkwe aliyevunja buko hulipa, hata aliyeamriwa tu kuivunja.

«Mama Lydie,» Chileshe akaanza, «mutoto anasema alikosea baba. Hakusema namna gani. Alisema tu: peleka kuku, omba pardon.»

«Alimukosea namna gani? Alimutukana?» Sauti ya Laurentine ilipanda hadi kwa majirani. «Kazi amepoteza, sasa heshima pia hana! Mama Chileshe, nakuambia mbele ya Mungu, tutarudisha vyenu, na mutoto wetu abakie kwetu.»

Jikoni Lydie akaangusha kifuniko cha sufuria, hakukiokota.

Godefroid alikuwa ameketi kitandani. Hakuhitaji kufanya lolote. Kijana amekwisha kufunga mdomo na kuubeba mzigo wote. Ilimpasa baba tu kutoka, kupokea kuku, kusema amesamehe, na angebaki kapita mpaka kaburini. Aliona aibu kwamba wazo hilo lilikuwa tamu. Akasimama, akasogeza pazia.

«Kuku huyu arudi,» alisema. «Fils hakunikosea. Ni miye nilimukosea.»

«Weye?» Laurentine akashangaa. «Kapita mzima—»

«Mi si kapita. Sijakuwa kapita hata siku moja.»

Akasema yote, macho yake yakiwa juu ya kuku maana yule ndiye peke yake asiyemtazama. Alisema paleti, foleni, chumba cha walinzi, shati. Alipofika kwenye mfuko, Laurentine alimkata.

«Ile mikate?»

«Ni mabaki ya meza za wakubwa.»

Laurentine alitazama mikono yake miwili, kama inayohitaji kuoshwa. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, wakasikia kuku wakikimbia na kupiga kelele. Alirudi na tetea wake wa mayai, akamfunga mguu kwa mguu na yule mweupe, akawaweka wote wawili mbele ya mgeni.

«Mwambie Fils,» alisema, pumzi zikimwenda mbio, «sisi ndiyo tunaomba pardon. Na kesho asubuhi huyu mubaba ataenda kwa chef wake, ataeleza nani alikosea. Kama wanafukuza, wafukuze yeye.»

«Nitaenda,» Godefroid akasema.

Chileshe alichukua kuku wote wawili. Alipofika kwenye uzio aligeuka, akapiga goti kidogo kwa Laurentine, kama wanavyofanya watu wa buko, akaondoka.

Jioni Laurentine alisonga bukari, ule ugali wao, akapika na matembele. Lydie akaweka sahani ya baba yake kwanza kama kawaida, ila Godefroid hakunyoosha mkono.

«Kula, papa,» binti akasema bila kumtazama. «Hii iko ya kwetu.»

Akanawa mikono, akala, kichwa chini.