Injini ya Baba na Safari ya Kibua

Nyumbani kwetu Bihambwe, kijiji cha wafugaji milimani, ng'ombe akiwa na mimba hakuna anayemtaja ndama. Unaweza kuliona tumbo limeshuka na kiwele kimejaa, bado utasema tu kwamba ng'ombe yule amenenepa siku hizi. Nilipokuwa na miaka saba mama alinizaba kofi kwa sababu nilimchagulia ndama jina kabla hajazaliwa, na ndama alipotoka mfu nyumba nzima ilinigeukia mimi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kunyamaza mpaka jambo litimie. Watu hunisifu kwamba najua kutunza siri. Mimi sasa naona nilikuwa mjinga mwenye adabu, basi.

Baba alikuwa na gari kuukuu la dizeli, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa miaka mingi aliteremka nalo Walikale amebeba jibini na maharagwe, akarudi na mawese na ndizi. Huko, katika kijiji cha Kibua, alikuwa na rafiki, mkulima na mwindaji wa msituni, na walipendana kuliko baba alivyopendana na ndugu zake wa tumbo moja. Baba aliwahi kumpelekea mtamba. Ng'ombe wetu hawauwezi msitu, mtamba akafa kabla ya mwaka kuisha, na wazee hawa wawili wakapata kitu cha kuchekeana maisha yao yote.

Halafu siku moja gari lilichemka kwenye mlima, maji yakaingia kwenye oili, injini ikafa. Tulilivuta mpaka nyuma ya zizi, kuku wakalifanya lao. Miaka michache baadaye baba alianguka, nyonga ikavunjika na haikuunga vizuri. Alikuwa bado katika kujifunza kutembea na gongo pale mwendesha pikipiki mmoja alipotuletea habari, maana Kibua simu hazishiki, kwamba rafiki wa huko amevimba miguu, shambani haendi tena. Baba alimwomba arudie kila neno. Mgeni alipoondoka, baba akanigeukia.

“Nataka nimuone mbele mumoja wetu aende.”

Kumwona kabla mmoja wao hajafa: kwa baba maneno hayo yalikuwa mengi.

Pikipiki isingewezekana, mguu wake haufunguki. Mfanyabiashara mmoja wa unga alikuwa tayari kumpa kiti cha mbele katika lori lake, na aliniahidi kwamba angeendesha polepole kwa ajili ya mzee. Nilimshukuru nikakataa. Nilitaka baba aingie Kibua katika gari lake mwenyewe, apige honi pale alipozoea kuipiga. Na kwa kuwa hapa naandika ukweli, nilitaka pia watu waseme: mwone yule, ndiye mtoto aliyemfufulia baba yake gari.

Vijana wa kilima kizima walitusaidia kulisukuma na kulishikilia kwa kamba mpaka mjini Rubaya, kwa fundi mmoja wa rika langu aliyekuwa akiishi kwa kutengeneza pikipiki za wachuuzi na pampu za wachimbaji. Baba alisimama mlangoni na gongo lake akatazama gari likiteremka. Alisema tuangalie mtaro, hakuuliza tunalipeleka wapi. Yeye naye ni mtu wa nyumba ile ile.

Fundi aliifungua injini akatikisa kichwa. Gasketi ya kichwa ilikuwa imeungua, pistoni zimechubuka, pampu ya mafuta imekauka. Mjini Goma vipuri vya injini ya umri huo havikupatikana, kwa hiyo kwa simu tulimtafuta muuzaji wa Dubai. Nilipiga picha karatasi za gari, zile za rangi ya waridi zilizoandikwa aina yake na mwaka wake, nikamtumia. Naye akatuma vipuri kulingana na karatasi.

Vilichukua miezi mitatu. Barabara ilifungwa mara mbili, ikafunguliwa, na kipande cha mwisho cha njia boksi lilikuja mgongoni mwa mbebaji aliyezoea kuteremsha mifuko ya madini ya koltani. Alilitua akasema kwamba mzigo huo kwake ni mapumziko. Tulilifungua kwa haraka. Pistoni zilikuwa zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Fundi alilaza gasketi juu ya injini, matundu hayakukutana. Akaigeuza, akaipindua. Akaingiza pistoni, nayo ikacheza ndani ya silinda.

Fundi alifuta mikono taratibu, akaigonga injini kwa kidole. “Kaka, hii moteri si ya hii gari,” alisema. “Uulize muzee.”

Nilikataa. Nilimwambia kwamba baba atajua siku injini itakapowaka, si kabla. Aliniuliza kama nimegombana na mzee. Nikasema hapana, kwetu ndivyo tulivyo. Fundi akachukua brashi ya waya.

Basi tukaanza kazi ya vipofu. Tulisugua ubavu wa injini tukitafuta namba, nusu ilikuwa imeliwa na kutu. Tulipima silinda, tukapima matundu, tukapiga picha kila upande. Mtu wa Dubai akauliza hiki, tukajibu, akauliza kile, mtandao ukapotea kwa wiki nzima. Hatimaye alikisia ni injini gani, na akakisia sawa. Boksi la pili likachukua tena miezi mitatu.

Mwanzoni mwa muda huo yule mwendesha pikipiki alinipita mara mbili akielekea Kibua, kisha hakuonekana tena. Mara zote mbili tulisalimiana, akaniuliza kama nina neno la kutuma. Nilisema awasalimie tu. Ningesemaje kwamba tunakuja, na gari bado ni vyuma mezani?

Siku lilipowaka lilitoa moshi uliofunika kibanda chote, likagonga, likakohoa, kisha likatulia katika mngurumo wake wa zamani. Nililia, sioni haya kusema. Nililipandisha mwenyewe mpaka nyumbani. Baba alitoka, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza.

“Njo yenyewe,” alisema, kama mtu aliyeitambua sauti.

Kesho yake asubuhi tuliondoka na jibini mbili kubwa.

Tulipopita Masisi baba alianza kuongea, na aliongea kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kila daraja alikuwa na habari yake. Njia ilipoanza kuingia msituni alipiga dashibodi kwa kiganja akacheka.

“Hii moteri haikuzaliwa mu hii gari. Ile ya kwanza ilifia Walikale. Rafiki yangu njo aliona hii mu lori moja ya mbao iliangukaka huko. Tuliibeba na miti, batu munane, siku mbili.”

Akanitajia aina ya lori, ukubwa wa silinda, mpaka jina la utani walilompa fundi aliyeifunga. Alivikumbuka kama anavyokumbuka siku tulizozaliwa. Maelezo yote yalikwisha kabla hatujamaliza kuzunguka kilima kimoja. Nilishika usukani nikatazama tope. Ningeweza kusema pale pale, Papa, nimekosa. Nikajiambia haidhuru, tumekaribia kufika.

Huko Kibua tulipokelewa na binti wa rafiki yake, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akianika mihogo. Alilitambua gari kabla hajatutambua sisi. Aliweka mikono kichwani, nikajua. Walikuwa wamemzika miezi miwili kabla, wakati ambapo mimi na fundi tulikuwa tunangoja boksi la pili.

“Alikuwa anaulizaka kila siku kama Papa atakuja,” alimwambia baba. “Tulikuwa tunamuambia bado hatuyapata habari.”

Baba alibaki ndani ya gari muda mrefu. Kisha akaomba tumshushe, akaenda kusimama kaburini, uzito wote kwenye gongo. Sikumwona akilia. Nilimwona tu mgongo, na mgongo ulikuwa umezeeka tangu asubuhi.

Walitukalisha, wakaleta maji ya kunawa. Ndipo baba alipowaambia wote, mjane, watoto na majirani, akinionyesha kwa mkono: “Muangalie huyu mutoto wangu. Alipigana na ile moteri hii miezi yote, juu mimi nifike hapa.” Mjane akaja akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akasema marehemu angefurahi kuona mtoto wa namna hii. Walinichinjia kuku. Nilipewa firigisi, sehemu ya mwenye heshima, na nikaila, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Wakati wa kurudi baba alingoja mpaka tulipoanza kupanda milima yetu. Hapo akaniuliza, bila ukali wowote, ni nini hasa kilichochelewesha.

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi: sikukuuliza, Papa.

“Ile vitu inatokaka Dubai, Papa. Inachelewaka.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu. “Njo vile. Kule iko mbali.” Akaweka mkono begani kwangu. “Pole, mutoto wangu.”

Nikapokea na ile pole.