Mama Kanyaga Afumua Kompyuta

Dada yangu mkubwa ana mguu wa kulia usio na mfano, na simsifu kwa kuwa ni ndugu yangu. Anayenijua anajua kwamba sifa kwangu hutoka kwa taabu. Ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na tisa amekanyaga mashine ileile ya miguu, na mguu wake umejifunza kukanyaga kwa kiasi: kidogo kwenye kona ya kola, zaidi kwenye mshono mrefu wa gauni, na kuachia mara moja uzi unapotaka kukatika. Miaka minne iliyopita binti yake alikwenda kusoma mji mwingine, akamwachia kompyuta ya mezani yenye usukani na pedeli za kuchezea gemu la mbio za magari. Dada akakaa kujaribu kwa utani tu. Wiki ya pili akawa anawapita vijana. Mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na moja, aliingia fainali ya ligi ya wanawake inayochezwa kwa intaneti. Jina lake la mashindano ni Mama Kanyaga.

Mimi nakaa nyumba ya jirani na nafundisha hesabu shuleni. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari naenda kumtazama, na sioni haya kusema kwamba huwa napiga kelele mpaka koo linakauka.

Basi wiki tatu kabla ya fainali, waandaaji wakatangaza kwamba itachezwa kwenye toleo jipya la gemu. Tukalipakua, ilichukua siku nzima na usiku wake. Dada akashika usukani, akakanyaga, na mambo yakaharibika palepale. Gari lilionekana hapa, kisha pale, katikati hakuna kitu. Kona ilipojitokeza kwenye skrini, yeye alikuwa ameshaingia ukutani zamani. Akajaribu mara tano, na mara zote tano ukuta.

"Huyu mgonjwa amefika mwisho," akasema shemeji kutoka kwenye kochi. Shemeji yangu, mumewe dada, ni muuguzi wa chumba cha upasuaji na kila kitu kwake ni mgonjwa, hata friji. "Amejitahidi, maskini. Tumsitiri kwa heshima, tununue mpya."

"Yaani kitu kikibana tu kitupwe?" Dada akamgeukia. "Wewe suruali zako nimeziachia kiuno mara ngapi? Mbona sikukutupa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kompyuta ina miaka tisa, mke wangu. Hata ukiiachia kiuno, magoti yamekwisha."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda."

"Na vidonda ndiyo kazi yangu," shemeji akajibu, meno yote nje.

Walibishana hivyo wiki mbili. Asubuhi shemeji anaacha karatasi ya matangazo ya kompyuta mpya juu ya meza ya kukatia nguo. Jioni anaikuta imekatwa kuwa kielelezo cha mfuko wa shati. Mwishowe mimi nikachoka, nikamburuta dada kwa fundi kompyuta aliye nyuma ya duka la vitabu, tukasikie neno la mwenye ujuzi.

Yule fundi ni mtu wa maneno machache. Aliuliza imekuwa ikifanya nini, inazimika au inakwama tu, ina joto au haina. Kisha akasema ubongo wa mashine bado mzima kabisa, usitupwe. Kilichochoka ni kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Ibadilishwe hiyo, iongezwe memori, na iwekwe pawa saplai yenye nguvu zaidi, maana kadi kubwa ina njaa ya umeme.

"Umesikia?" Dada alinipiga kiwiko. "Inaachiwa kiuno!"

Njiani kurudi alikuwa anatembea upesi mpaka nikabaki nyuma. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivi, si kutakuwa na ligi mwaka ujao? Akasimama. Nikaona nimeuliza neno zito.

"Wewe kila siku unasimama mbele ya watu," akaniambia. "Mimi nimeshona magauni ya maharusi, nimeshona sare za kwaya, nimeshona joho la mtu aliyekwenda kupewa shahada. Siku yao ikifika wao wanaitwa jina, wanapigiwa makofi. Mimi nipo nyumbani nafagia vipande vya nguo. Fainali hii inaonyeshwa moja kwa moja, watu maelfu wanatazama, na watatu wa mwanzo wanasomwa majina. Nataka langu lisomwe. Mara moja tu. Mwaka ujao macho yangu yatakuwa vipi, nani anajua?"

Kuanzia hapo nikawa upande wake moja kwa moja, na shemeji akabaki peke yake na matangazo yake.

Fundi alitaka tumpelekee ile sipiyu, yaani lile kasha lenyewe, aone nafasi ya ndani kabla ya kutafuta kadi. Dada akasema hakuna haja ya kubeba, kupima ndiyo kazi yake. Akafungua ubavu wa kasha, akavuta futi shingoni, akapima urefu wa mahali kadi itakapokaa, akaandika kwenye daftari lake. Alhamisi akampigia fundi simu akamsomea: inchi kumi na moja na nusu. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya fainali, akaenda kuchukua memori, pawa saplai na kadi, nzuri, nzito, urefu inchi kumi na moja kamili. Fundi akajitolea kuja kuifunga mwenyewe asubuhi, ingawa Jumamosi huwa hafungui, lakini dada hakutaka kumsumbua mtu kwa skrubu nane. Cherehani anaifungua na kuifunga kila mwezi, hii itamshinda nini?

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa watatu sebuleni, chai inapoa. Mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia ni saa tatu. Mbio zenyewe saa nne. Pawa saplai ikaingia vizuri. Memori ikaingia, ikalia *tak* tamu kabisa. Dada akaishika kadi kwa vidole kama anavyoshika hariri, akaishusha, na kadi ikagota.

Akaigeuza. Ikagota. Mbele yake kulikuwa na kizimba cha chuma cha kuwekea diski, kimepigwa ribiti, hakina hata skrubu moja ya kufungua. Kadi ilizidi kwa inchi moja nzima.

"Si ulipima?" nikauliza.

"Nilipima!"

"Hebu lete daftari."

Nikachukua futi nikapima mwenyewe. Inchi kumi. Kwenye daftari, kwa mwandiko wake safi: kumi na moja na nusu. Nikamwangalia, akaniangalia, na nikaona sura yake inabadilika polepole. Dada yangu hajawahi kuandika kipimo cha mwili kwenye daftari lile. Anaandika kipimo cha kukata. Mteja akiwa na kumi, mkono wake unaandika kumi na moja na nusu, nafasi ya mshono imo ndani, na kichwa wala hakiulizwi. Miaka ishirini na tisa. Alikuwa ameiwekea kompyuta nafasi ya mshono.

Nilikasirika, sitaficha. Mwalimu wa hesabu nimekaa pale siku zote zile na sikuomba kuliona daftari! Nilikasirika naye, nikajikasirikia na mimi, nikasema maneno mawili matatu ambayo sitayaandika.

Shemeji hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alianza kuvaa viatu. "Duka la kompyuta linafunguliwa saa tatu," akasema. "Nakwenda kusimama mlangoni. Nikirudi na mpya saa tatu na nusu, utawahi."

"Na gemu?" Dada akamwuliza. "Lilipakuliwa siku nzima na usiku wake. Kwenye hiyo mpya nitaliweka kwa dakika ngapi?"

Shemeji akabaki na kiatu kimoja mguuni.

Saa moja na nusu. Dada alikaa sakafuni mbele ya lile kasha. Mimi nilikuwa naongea, sijui hata nilikuwa nasema nini. Nadhani nilipendekeza msumeno. Akanyoosha mkono ninyamaze.

"Nguo isipomkaa mteja," akasema, "humkati mteja."

"Una maana gani?"

"Tunamvua."

Akachukua bisibisi. Akafumua kila kitu: diski, waya, pawa saplai, na mwisho ile bodi kubwa ya kijani inayobeba vyote. Kila skrubu aliichoma kwenye mto wa pini kwa mpangilio, safu kwa safu. Kila waya alioung'oa aliufunga uzi wa rangi yake, na uzi kama huo akaufunga mahali ulipotoka. Shemeji akavua kile kiatu kimoja, akanawa mikono mpaka viwikoni, kweli kabisa, akaanza kumpokeza vifaa kabla hajaviomba. Bodi ikalazwa juu ya boksi la kadibodi kwenye stuli. Kasha tupu likawekwa pembeni, likining'iniza tu waya wa kitufe cha kuwashia. Nyaya zikarudishwa, rangi kwa rangi. Kadi ikaingia mahali pake bila kugusa chochote, na chini ya ncha yake nzito dada akaweka rili ya uzi ili isilegee.

Mchujo ulikuwa umeshatupita. Saa tatu na dakika arobaini na tano akabonyeza kitufe.

Feni zikazunguka. Skrini ikawaka. Gemu likafunguka, na barabara ile iliyokuwa inakatikakatika ikaja laini, imenyooka, kila jiwe la pembeni linaonekana! Nilipiga ukelele, jirani wa pili akagonga ukuta. Dada aliweka mguu kwenye pedeli akakanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga tena.

Kwa kukosa mchujo alipangwa wa mwisho, wa kumi na sita kati ya kumi na sita. Mizunguko kumi na mitano. Mzunguko wa kwanza aliwapita wanne waliogongana wenyewe kwa wenyewe kwenye kona ya kwanza kwa pupa. Mzunguko wa tano alikuwa wa tisa. Wengine walikuwa wanafunga breki kwa kishindo na kukanyaga mafuta kwa kishindo. Yeye aliingia kona anakanyaga nusu, robo, nusu, kama anazungusha kola. Mzunguko wa nane, wa sita. Mtangazaji akaanza kuuliza huyu Mama Kanyaga ametokea wapi. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Mzunguko wa kumi na moja, akiwa wa nne, niliruka. Kosa langu, nakiri. Kiti kikagonga stuli, rili ya uzi ikabingirika chini ya kochi, kadi ikainama, na skrini nzima ikajaa mistari ya kijani.

"Mungu wangu!"

Shemeji alikuwa ameshafika. Akapiga goti, akaishika kadi kwa vidole viwili pembeni, akaiinua kidogo, kidogo tena. Mistari ikatoweka. Gari la dada lilikuwa bado barabarani. Mguu wake haukuyumba hata sekunde.

"Usiachie," akasema bila kugeuka.

"Nimeshika watu matumbo wazi kwa saa tano," shemeji akajibu. "Endesha!"

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na shemeji aliinama kwelikweli: goti sakafuni, uso ukutani, mgongo kwa skrini. Hakuona kitu. "Wa ngapi?" anauliza. "Wa nne!" "Sasa?" "Wa nne bado! Nyamaza! Wa tatu! Wa tatu, shemeji!" Mzunguko wa mwisho dada akamnasa wa pili kwenye kona ndefu, wakaenda ubavu kwa ubavu, yule mwingine akakanyaga mapema, gari lake likateleza upana wa kiganja. Dada akapita palepale. Wa kwanza alikuwa mbele kidogo tu, urefu wa gari moja, na mstari ukafika kabla hajamkamata.

Nililia. Nasema wazi, nililia huku narukaruka, mbali na stuli safari hii. Dada alitoa mikono kwenye usukani. Kwenye spika mtangazaji akasema anaanza kusoma majina ya washindi watatu, tusubiri kidogo.

"Vipi?" shemeji akauliza ukutani. "Tumefika? Naomba mtu aniambie!"

Nikafungua mdomo. Dada akanizuia. Akanyanyuka, akazunguka meza, akapiga goti kando ya mume wake, akapenyeza vidole vyake chini ya vya mumewe mpaka uzito wa kadi ukahamia kwake.

"Nimeshika," akasema. "Geuka wewe utazame."

"Na wewe? Si wanakusoma jina?"

"Nisomee."

Shemeji akasimama kwa taabu, goti limekufa ganzi. Majina yakatokea kwenye skrini. Aliyatazama, mtu huyu aliyekuwa akiuita mchezo ule vitu vya watoto, akanyoosha mgongo.

"Wa pili," akasoma kwa sauti kubwa, kama ukumbi mzima unamsikiliza. "Mama Kanyaga."

"Tena," dada akasema, uso ukutani.