Tura Ilipotokea Mara Mbili

Ghala lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukiuliza, utatajiwa mtu mwingine.

Si ghala la mahindi. Ni la ndani ya kompyuta: sehemu ya programu inayotunza vitu, kila kimoja na ufunguo wake, ukitaja ufunguo unaletewa kitu chako papo hapo. Nililiandika kwa ajili ya lugha mpya ya kuandikia programu, ya zile zinazogusa kumbukumbu ya mashine moja kwa moja, ambako ukikosea hakuna wa kukufichia aibu. Mwanzilishi wa lugha hiyo yuko mbali, tunamjua kwa ujumbe tu. Mimi nilikuwa Kanyenye, hapa Tabora mjini, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, chini ya feni inayolalamika. Mwanzilishi alikuwa ametangaza kwamba maghala yote ya lugha yake atayaweka chini ya msimamizi mmoja, atakayemchagua kati yetu tunaochangia. Usimamizi ule niliutaka sana, sioni sababu ya kujifanya.

Kisha akaja yeye. Mgogo, aliyemfuata mumewe, mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa huku Tabora. Tulishirikiana chumba ili tugawane intaneti. Mimi Mnyamwezi wa Kwihara, yeye Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla ya kuulizana majina. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara. Wazee wangu walibeba mizigo kwenda pwani, njia ikapita Ugogo, na wazee wake wakawatoza hongo ya kupita na kunywa maji. Mpaka leo mtani wako anaweza kukusema lolote, hata msibani kwako, na wewe kununa huruhusiwi.

Alilisoma ghala langu lote, kisha akageuza kiti.

"Mtani, ghala zuri. Lakini mtu akitaka kuona vyote vilivyomo, afanyeje?"

"Ataje ufunguo."

"Na asiyezijua funguo? Nyie tangu zamani hamfiki popote mpaka Mgogo awaonyeshe njia."

Nilicheka, maana ndiyo sheria. Rohoni niliungua. Alisema kweli: ghala halikuwa na itereta, yaani kile kifaa kinachokupitisha kwenye vitu vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka viishe. Nilikuwa nimepanga kukiandika baadaye.

Akakiandika yeye. Na alikiandika vizuri, hilo ndilo lililoniuma. Alitengeneza itereta ya kutazama bila kugusa, ya kubadilisha vilivyomo, na ya kuvihamisha vyote ghala libaki tupu. Ukiwa katikati ya kutazama, lugha yenyewe inakukatalia kuchomeka kitu kipya. Mistari michache, safi. Mwanzilishi, ambaye ghala langu alilipokea kwa asante moja kavu, alimwandikia yeye aya nzima. Wachangiaji wengine wakafuata kwa pongezi. Kila pongezi niliirudia kuisoma, nione kama na mimi nimetajwa.

Nilimwonea wivu mpaka namna anavyopuliza chai ikawa inanikera. Aliponiuliza jambo nilijibu kwa kifupi, halafu nikajichekesha ili asijue nimenuna.

Nikaamua kuijaribu itereta yake. Nasema kuijaribu kwa heshima tu, nilitaka ivunjike. Nililijaza ghala vituo vya njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo, Mpwapwa, Tura, Kwihara, Ujiji na vingine vidogo, kila kituo na maelezo ya maji yake. Nikafuta baadhi, nikabadilisha maelezo ya vingine, kisha nikaiambia itereta ipite.

Tura ilitokea mara mbili.

Furaha niliyoipata sikuipata hata siku ya harusi yangu. Nikamwita.

"Mtani, njoo uone. Itereta yako inarudia kituo. Msafara umepotea mikononi mwa Wagogo."

Alikuja akasimama nyuma yangu. Hakuifungua kazi yake. Alifungua yangu, pale vitu vinapoingizwa, akasoma polepole, na kidole chake kilipotulia nami nikaona. Kitu kikifutwa, nafasi yake ilibaki wazi. Na mimi nikiingiza kitu, niliikimbilia nafasi ya kwanza iliyo wazi bila kwenda mbele kuangalia kama ufunguo huohuo tayari umekaa huko. Tura niliyoibadilishia maelezo iliingia upya kwenye nafasi ya kwanza, Tura ya zamani ikabaki huko mbele zaidi. Aliyeuliza Tura alipewa ile mpya, kwa hiyo hakuna aliyewahi kushtuka. Mpaka apatikane wa kulipita ghala zima.

Nikangoja. Hili lingemtosha Mgogo yeyote maisha yake yote: Mnyamwezi amejenga Tura mbili kwenye njia ya babu zake mwenyewe. Uso wa kuchekea nilikuwa nimeshauandaa.

"Ni kitu kidogo," alisema. "Yeyote angeteleza hapo."

Akarudi kwenye kiti chake. Tulirekebisha pamoja, na kwa mwanzilishi akaandika kwamba kosa limegunduliwa na mwenye ghala mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwanzilishi akanishukuru kwa umakini. Baada ya muda si mrefu usimamizi akampa yeye.

Asubuhi habari zilipofika nilimkuta ameshawasha feni. Nilikuwa nimejikaza njiani kote, na neno la kumwambia nimelipanga.

"Haya, mtani. Maghala yote yako sasa, nami bado napita humo. Dai hongo yako."

Alitabasamu kwa adabu, vile anavyomtabasamia mzee wa duka la chini.

"Hapana, kaka," alisema. "Umeshakunywa chai?"