Koti la Mtani

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Kilosa, nasubiri kupimwa presha. Kando yangu walikaa wazee wawili, mmoja wa Vidunda, mwingine wa Mvumi, watani wa siku nyingi. Wote walikuwa wamekojoa damu, na vinyama vya vibofu vyao vilipelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa.

Daktari akatoka na karatasi mbili. Akamwambia wa Vidunda kwamba alama zilizoonekana ni za saratani iendayo polepole, huenda akazeeka nayo. Ya mwenzake, akasema, imeshazama ndani na inakwenda mbio.

Wa Mvumi akazinyanyua karatasi zote mbili juani, kama anayechagua shati la mtumba.

"Hata saratani umejikatia ya daraja la kwanza!" akafoka. "Mimi nimepewa ya behewa la mizigo."

"Ndugu yangu, ningeweza tungebadilishana."

"Baki nayo! Siionei wivu miaka yako." Akamtupia karatasi yake mapajani. "Siku ya kuzikwa wewe, mimi mtani wako ndiye niliyetakiwa kuvaa koti lako, nitembee unavyochechemea, waliaji wote wacheke. Nimejizoeza miaka yote hiyo. Sasa utavaa wewe langu, nawe kuchekesha hujui!"

Wa Vidunda akavua kofia. "Basi nifundishe," akasema.

Muuguzi aliponipima alisema presha imepanda. Sikumwambia kuwa ni wivu. Koti langu mimi sijui atalivaa nani.