Mtoto wa Mnunuzi Mapajani Mwangu

Mwanangu, tangu uliponiambia kwamba unaanza kazi ya kuuza magari huko Bujumbura, siku moja ya ujana wangu imenirudia kichwani na haitaki kutoka. Naikumbuka vizuri, ingawa sina hakika kama nimewahi kuielewa yote.

Ilikuwa enzi za Mbelgiji, nami ndevu hazijaota. Mjomba wangu alikuwa akiuza mitumbwi hapa Rumonge, ile ya gogo moja inayochongwa ng'ambo, Kongo. Asubuhi hiyo aliniachia ufuo. "Leo uza wewe," akasema. "Sifu mali yako."

Basi nikasifu! Ulimi ulikuwa mtamu, mwanangu, hata mimi mwenyewe nilijiamini. Alikuja mvuvi wa Kabonga na mkewe, mtoto mchanga mgongoni. Nikawaambia mtumbwi ule haujui kuzama. Mume akatabasamu, nami nikaona nimeshauza.

Mara yule mama akamfungua mtoto.

"Shika mutoto," akaniambia. "Ingia naye. Bwana yangu atapiga kasia."

Nikaduwaa. Kumbe kwao ndivyo mtumbwi unavyonunuliwa: muuzaji hukaa ndani, mtoto wa mnunuzi mapajani. Hakuna aliyenieleza. Nikaingia, maana kukataa kungekuwa aibu.

Hata hatujafika mbali, mimi niliyeusifu mtumbwi asubuhi nzima nikaanza kuukagua. Chini ya mguu wangu palikuwa na ufa uliozibwa kwa ulimbo, na maji yanapenya. Kidogo tu! Mtumbwi gani hauingii maji kidogo? Lakini mtoto alikuwa amenishika kidole, na hofu ikanishika mimi. Nikapiga kelele: "Turudi! Huu mbovu!"

Nilishuka nikijua kazi imeniponyoka. Mama akampokea mwanawe, akanitazama, kisha akamgeukia mumewe.

"Huyu iko na woga," akasema. "Tununue kwake."

Wakachukua mtumbwi mwingine, baada ya kunipakia tena na mtoto wao. Nilichanganyikiwa, mwanangu! Niliposifu hawakununua, nilipoitukana mali yangu wakanunua.

Mjomba aliposikia alinifokea: "Nilikwambia usifu. Nilikwambia ufumbe macho?" Je, yeye aliujua ule ufa? Mpaka tunamzika sikuthubutu kumuuliza. Hilo linanisumbua hadi leo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini muuzaji asiyepanda atajuaje anauza kipi? Kwa hiyo panda kila gari kabla hujalisifu. Ukikanyaga breki, fikiri mtoto wa mwenzio yuko mapajani mwako. Ukiingiwa na hofu, iseme hapohapo, hata kama mteja ataondoka na bosi atanuna.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mtamu, na akupe nyayo zinazohisi maji mapema.