Kijani cha Kwenye Ramani

Kazi yangu ni kubashiri, ila sipigi ramli, napiga hesabu. Naiambia kompyuta mnara wa simu uko wapi, una urefu gani, nyumba zimebananaje, nayo inanichorea mji: kijani palipo na mtandao, nyekundu pa kuombea dua. Nyumba yangu hapa Kalangalala, Geita, ilitoka kijani kuanzia sebuleni hadi chooni. Nilitamba nayo ofisini mpaka wakanichoka.

Kumbe ramani haijui tabia za Geita. Mchimbaji akiotea dhahabu, hakuulizi wewe na kompyuta yako, anapandisha ghorofa. Jirani yangu akaotea. Akapandisha nne, zege tupu na vioo vya bluu, katikati ya mnara na mimi. Kivuli chake kikameza mtandao wa mtaa mzima. Kwangu ikabaki sehemu moja tu, yanapoangukia mawimbi yaliyogonga bati la nyumba ya nyuma yakarudi: mlangoni mwa jiko la uani.

Na mlangoni mwa jiko alikaa mama mkwe.

Mke wangu alikuwa hospitali ya Kolandoto, presha iko juu, anasubiri kupasuliwa ajifungue. Mdogo wake ndiye aliyemuuguza na ndiye angenipigia. Mama yao alikuja kwangu kutulelea watoto. Sasa, kwetu Wasukuma mkwe hakaribiwi. Humtazami usoni, humpi mkono, mkikutana njiani mmoja wenu anaingia vichakani. Basi mtaalamu mzima wa mawimbi nikawa nazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia, simu juu, na mtandao wote umekaliwa na kigoda cha mkwe. Nikamlaani jirani, nikalaani ghorofa yake, nikalaani na hesabu zangu. Lakini hasira ilikuwa ya juu juu. Niliogopa. Mke wangu angeweza kufa nami nisijue.

Mama mkwe alipoingia ndani kuchota unga, nikachomoka, nikaitia simu kwenye kikapu, nikakitundika msumarini mlangoni mwa jiko. Nikarudi mbio kujificha nyuma ya tangi la maji. Naye akarudi, akakaa.

Simu ikaita. Ikaita weee. Mwishowe akaipokea, akasikiliza.

“Wewe jogoo!” akamwambia jogoo aliyekuwa akidonoa pumba, kwa sauti ya kufika sokoni. “Mwambie huyo aliye nyuma ya tangi: mama mzima, mtoto mzima. Wa kike.”

Jogoo akaendelea kudonoa. Mimi nikalia kwa sauti, mwanaume na ndevu zangu.

“Na umwambie,” akaongeza, “mkewe anamtaka kwenye simu. Hapo alipo haishiki. Aje.”

Nikachungulia. Alikuwa amejifunika khanga uso mzima, mkono umenyooka na simu. Nikaenda, nikaipokea mkononi mwake.