Mkwe Haambiwi Ainame

Tulikuwa tumeshaacha nchi kavu kama mita mia mbili ndipo nikaona mzee Byarugaba amekaa juu ya magunia ya kahawa, kichwa chake sawasawa na ule mti wa chini wa tanga.

Kichwa hicho kiko salama mpaka leo. Aliyekufa ni mwingine.

Ni mwaka juzi, kwenye ziwa dogo kule Kyerwa. Mashua ya Jovitus, usukani kashika mwenyewe, tanga la turubai nimelishona mimi. Shule nilisoma kwa vipande, haya mambo niliyaokota kwenye kuzurura.

Upepo ulitoka nyuma. Upepo wa nyuma mtamu, ila mnafiki. Usukani ukiyumba kidogo tu, tanga linahamia upande wa pili na ule mti unafagia mashua nzima. Ndiyo maana mti unafungwa kamba mpaka mbele, usirudi.

Mimi niliufunga kwa kamba ya mgomba. Huku kwetu kila kitu tunafunga kwa mgomba. Niliilowesha asubuhi, ikashika kama waya.

Nikamnong'oneza Jovitus, "Mwambie mzee ashuke chini."

"Baba mkwe? Mimi nimwambie ainamishe kichwa?"

"Basi namwambia mimi."

"Wewe tulia. Kemilembe nimemuoa juzi tu. Unataka arudishwe kwao?"

Mashua yake, mkwe wake.

Saa sita jua lilikuwa limeikausha kamba. Usukani ukayumba. Kamba ikakatika kama nyasi.

Jovitus hakupiga kelele. Aliacha usukani, akaruka mbele ya mkwe wake, mti ukampiga kifuani ukamtupa ziwani.

Mzee hata kofia haikumdondoka.

Tulimtoa Jovitus hapumui.

Msibani mzee alinivuta nyuma ya migomba.

"Pale juu aliniweka yeye, kwa heshima," akasema. "Nilikuwa naogopa tangu tunaondoka. Nilitaka kukaa chini. Nikaona nitamwaibisha."



Wewe unayepanda chombo cha tanga: upepo ukiwa nyuma, wote mkae chini. Kamba iwe ya nailoni. Mti ukianza kuja, sema "kichwa", hata kama aliyekaa pale ni mkweo.

Kemilembe alirudi kwao Bugomora, anauza ndizi. Byarugaba yuko hai, ziwani haendi. Mashua waliikata, sasa ni hori la ng'ombe.

Mimi niko Kihanga, nachuma kahawa za watu. Kuni zangu bado nazifunga kwa mgomba.